Akikuomba tu, kosa limeshatendeka

Maswali ya safari hii yote yanahusu rushwa maofisini. Ninajibu kwa kufuata Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, inayotumika Tanzania Bara.

Nafuatilia hati ya kiwanja. Afisa anasema faili halisogei bila "chai". Sijampa kitu. Kosa lipo?

Lipo, ndugu yangu. Kifungu cha 15 kinahesabu kuomba kuwa kosa sawa na kupokea, hata kama hujatoa shilingi. Usimpe, wala usigombane naye. Nenda ofisi ya wilaya ya TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kuzuia na kupambana na rushwa, au piga 113, ni bure. Wahi kabla hujalipa, kwa sababu hapo ndipo mtego unawezekana: namba za noti zinaandikwa, unazipeleka kama alivyotaka, akizipokea anakamatwa nazo mkononi. Ukienda baada ya kulipa, mara nyingi linabaki neno lako dhidi ya lake. Tunza ujumbe wake wa simu, tarehe na namba ya faili.

Mimi nilishatoa mwaka jana, mtoto apate nafasi ya kazi. Nami ni mhalifu?

Kisheria, anayetoa kwa hiari ili apendelewe ametenda kosa kama aliyepokea. Lakini mama aliyebanwa hospitalini mtoto wake akiwa hoi simlinganishi hata kidogo na mkandarasi anayenunua zabuni, na naamini hakimu mwenye utu ataona tofauti hiyo. Kabla ya kuandika maelezo yoyote, muone wakili au kituo cha msaada wa kisheria.

Mkuu wangu wa kazi anataka penzi ndipo anipandishe cheo. Hiyo nayo ni rushwa?

Ndiyo, dada. Kifungu cha 25 kinamtaja mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki yoyote. Si suala la maadili ya ofisi tu la kumalizwa kikaoni. Atakayekwambia "yamalizeni wenyewe" anakunyima haki yako.

Wanaofungwa si makarani tu? Wakubwa je?

Uchungu wako nauelewa, ila wapo waliofikishwa mahakamani. Julai 2015 Mahakama ya Kisutu iliwahukumu miaka 3 jela Basil Mramba, aliyekuwa Waziri wa Fedha, na Daniel Yona, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini. Kosa lilikuwa matumizi mabaya ya madaraka: kampuni ya ukaguzi wa dhahabu, Alex Stewart, ilisamehewa kodi na serikali ikapata hasara ya shilingi bilioni 11.7. Kiongozi anaweza kutiwa hatiani kwa kutumia cheo kinyume cha sheria kumnufaisha mtu, hata bila kuonekana akipokea bahasha. Baadaye Mahakama Kuu ilipunguza kifungo kuwa miaka 2, na mwaka 2016 wakaruhusiwa kumalizia kwa kazi za jamii. Wengi walikasirika, nami nikiwamo.

Adhabu ya kifungu cha 15 ni ipi?

Faini ya kati ya shilingi 500,000 na milioni 1, au jela miaka 3 hadi 5, au vyote pamoja. Faini hiyo naona ni ndogo mno. Afisa aliyekula rushwa miaka kumi anailipa siku hiyohiyo na kwenda zake, na wabunge wana wajibu wa kuibadilisha.