Mwanangu, unaniuliza kama ana ushahidi

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliisoma usiku nikaweka simu pembeni, asubuhi nikaisoma tena. Unauliza eti huyo dada wa ofisini kwenu anayetaka kumshtaki msimamizi kwa kumshikashika na kumtumia meseji za usiku, hivi ana ushahidi kweli au ni neno lake tu dhidi ya la mkubwa, maana mbona alikuwa anacheka. Halafu mstari wa chini yake unaniambia wewe mwenyewe ulikuwepo zaidi ya mara moja. Sasa ushahidi unautafuta wapi tena?

Hilo la kucheka tulimalize haraka. Mtu anayekusainia likizo akikutania unacheka, hata wewe unacheka. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya Mechelle Vinson aliyekuwa mfanyakazi wa benki, ilisema cha kuangalia sio kama mwanamke alishiriki kwa hiari, ni kama mambo yale aliyataka. Basi. Anayecheka huku anasogeza kiti nyuma hajataka, na wewe uliyekaa meza ya pili kile kiti ulikiona.

Maana mimi msimamo wangu unaujua tangu uko mdogo, aliyeona ni shahidi, hata akijifanya kipofu.

Unajua kwamba niliacha kazi ya masjala kabla hujazaliwa, ila siku zote tumekuwa tunasema niliacha kwa sababu ya ujauzito wa dada yako. Ujauzito ulikuwepo, sawa, lakini mkuu wangu alikuwa na tabia ya kuagiza mafaili ya shelfu ya juu halafu anakuja kusimama nyuma yangu, na siku moja chumba kimejaa watu akanishika kiuno akasema huyu ndiye ananifanya niwahi kazini. Watu wakacheka. Mhasibu wetu hakucheka, mtu mpole yule, kila Jumatatu alikuwa ananiuliza hali ya nyumbani. Alichukua pini iliyopinda mezani akaanza kuinyoosha. Ananyoosha tu, taratibu, kama ndiyo kazi aliyoajiriwa, mpaka ule mkono ukatoka kiunoni kwangu ndipo akaiweka chini. Miaka imepita tukakutana kwenye msiba, ameshastaafu, ananiambia "unajua nilikuwa nakuonea huruma sana." Huruma! Mkuu mwenyewe sura yake siku hizi naisahau lakini ile pini naiona.

Sawa, alikuwa na watoto wanasoma, na mkuu ndiye aliyekuwa anapendekeza nani abaki nani ahamishwe. Baba yako hunikumbusha hilo kila nikiianza hii hadithi, na ni kweli, simkatalii. Lakini na mimi nilikuwa na tumbo, na mimi mshahara ulikuwa mmoja, mbona hesabu ya woga inapigwa upande mmoja tu? Na ofisi ile ile ikipotea rimu ya karatasi linaitwa kikao, tunaulizwa mmoja mmoja. Hili la mikono hakuna aliyeliitia kikao, lilikuwa linaitwa utani, linafanyika mchana kweupe mbele ya watu wazima, na nadhani ndiyo maana halionekani kuwa tatizo, watu wanangoja kitu cha gizani.

Siku hizi angalau imeandikwa. Ule Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, wa kupinga ukatili na unyanyasaji kazini, haukuishia kwenye mlango wa ofisi, umezitaja safari za kikazi, mafunzo, hata mawasiliano ya simu, kwa hiyo hizo meseji za usiku zimo. Na kwenye kulindwa wasilipiziwe kisasi umewataja mpaka mashahidi. Mashahidi, mwanangu. Najua karatasi haimzuii bosi kukunyima mkataba mpya, nchi nyingine hata hazijauridhia, sikudanganyi.

Ndiyo maana sikwambii uandike maelezo wala usiandike. Mkataba wako unaisha Desemba, kodi unalipa wewe, mimi niko huku. Baba yako kanisihi nisikusukume na sijakusukuma, nimesema tu aliyeona ni shahidi na hilo nalisema kila siku.

Ila kama utaandika, andika ulichokiona kwa macho, sio ulichosimuliwa. Tarehe, saa, nani alikaa wapi, alisema nini kwa maneno yake, mkono ulikuwa wapi. Usiandike "alimdhalilisha," andika alifanya nini. Huyo dada mwambie meseji asifute hata moja, azihifadhi na sehemu nyingine nje ya simu ya kazini. Na mwulize kwanza kama anataka uandike, jambo ni lake.

Ukimaliza nitumie niisome kabla hujapeleka. Wewe kuweka tarehe huwa unasahau.

Mama