Kila mkali ni fashisti?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijiweni kwetu Morogoro kila kiongozi mkali huitwa fashisti, hata mwenyekiti wa mtaa aliyetufungia kahawa saa nne usiku. Maana yake hasa ni nini? Na wapo bado?

JIBU: Marahaba. Mwenyekiti mwacheni, huyo ni mkali tu.

Nilipokuwa nafundisha historia niliingia darasani na fito nimezifunga kamba. Fascio kwa Kiitalia ni mganda, na ndiko lilikotoka neno fashisti. Mussolini, aliyekuja kuwa dikteta wa Italia, alianzisha kundi lake Milan mwaka 1919, na vijana wake wa mashati meusi walipiga wafanyakazi na kuchoma ofisi za vyama vyao kabla hajawa waziri mkuu Oktoba 1922. Kabla, nasisitiza. Dikteta wa kawaida anataka ukae kwako, unyamaze. Fashisti anataka utoke, uvae sare, umshangilie, na uamini kuwa taifa limechafuliwa na fulani na dawa yake ni rungu.

Sasa pimeni chama cha Chrysi Avgi cha Ugiriki. Juni 2012 walipata viti 18 bungeni, huku magenge yao yakipiga wahamiaji mitaani. Septemba 2013 mfuasi wao alimuua kwa kisu mwanamuziki Pavlos Fyssas. Oktoba 2020 mahakama ya Athens ikakitangaza chama hicho genge la wahalifu. Hao nawaita mafashisti bila kumeza mate.

Na chama cha Italia kiitwacho Fratelli d'Italia je? Mwali wa moto ulio kwenye nembo yao wameurithi kwa chama kilichoanzishwa na wafuasi wa Mussolini mwaka 1946. Ukoo huo unanitia wasiwasi, lakini sijaona mashati meusi. Hapo neno nalirudisha mfukoni.