Usiuze Kibodi Yako ya Apple Eti kwa Sababu Umehamia Windows au Linux

Wiki hii msomaji mmoja wa Mwanza ameniandikia: "Dada, shikamoo. Kaka yangu kaniachia kibodi ya Apple, ile ya bila waya. Kompyuta yangu ni ya Windows. Fundi kaniambia niiuze tu, hivi vitu haviingiliani. Ni kweli?"

Marahaba, mdogo wangu. Si kweli, na usiiuze.

Nimeombwa jibu fupi na jibu fupi ndilo hilo, lakini swali hili limenigusa pabaya, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu. Nami niliambiwa maneno hayohayo, tena mbele ya watu.

Nilikuwa mtafsiri katika ofisi moja hapa Dar es Salaam. Kila meza ilikuwa na Mac, yaani kompyuta ya Apple, ila kibodi za pale zilikuwa zimechoka, herufi zimefutika, kitufe cha nafasi kinabonyezwa upande mmoja tu. Mtu anayeishi kwa kuandika hawezi kufanya kazi hivyo. Nikajibana nikanunua Magic Keyboard, kibodi ya Apple ya bila waya, kwa hela yangu mwenyewe, lile toleo lililoanza kutoka mwaka 2015, jembamba, lisilotumia betri za kubadilisha bali linachajiwa kwa waya. Niliipenda ile kibodi tangu siku ya kwanza. Vitufe vyake vinashuka kidogo tu, mkono hauchoki, na usiku haimwamshi mtu.

Siku niliyoondoka kazini nilisimamishwa mapokezi nikaambiwa nifungue begi. Mtu wa TEHAMA akaitwa. Akaitoa kibodi yangu, akaigeuzageuza, akasema kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwapo: "Hii ni ya Mac, wewe huna Mac. Utaipeleka wapi? Iache." Nikafungua simu nikamwonyesha risiti yenye jina langu. Akaisoma taratibu, kisha akaniwekea kibodi mezani na kuondoka bila kusema neno. Hakuomba radhi. Sijasahau, na leo nikisikia mtu anaambiwa "haviingiliani" namwona yule bwana palepale.

Nikaenda Kariakoo nikanunua kompyuta ya mkononi ya ThinkPad iliyotumika, yenye Windows, ndiyo niliyoimudu. Kijana wa dukani akaiona kibodi kwenye begi. "Dada, hiyo nikununulie, huku haina kazi." Na bei aliyoitaja ilikuwa ya kutupa. Fikiria: kitu hakina kazi, ila yeye anakitaka. Nikaifunga zipu ya begi.

Sasa shika jambo moja, maana yote yanayofuata yanatoka hapo. Kibodi haijui imeunganishwa na kompyuta gani. Ukibonyeza kitufe, inachotuma ni namba ya kile kitufe, kwa utaratibu unaoitwa HID, ambao Mac, Windows na Linux (mfumo wa kompyuta wa bure) zote zinaufuata. Kompyuta ndiyo inayoamua namba ile iwe herufi gani au amri gani. Kwa hiyo swali la kama itafanya kazi halipo. Swali ni vitufe vipi vitajikuta kwenye nafasi usiyoizoea, na hilo linarekebishwa ndani ya kompyuta.

Kuunganisha sitakurefushia. Washa kibodi, fungua mipangilio ya Bluetooth, ichague ikitokea. Ukiletewa tarakimu kwenye skrini, ziandike kwa kibodi yenyewe kisha bonyeza Return. Wengi hukwama hapo kwa sababu wanaziandika kwa kibodi ya kompyuta, wanasubiri, halafu wanasema kibodi mbovu.

Kazi yenyewe ilianza baada ya hapo. Kwenye Windows, Command inakuwa kitufe cha Windows na Option inakuwa Alt. Kibodi za kawaida za kompyuta zina Alt jirani na kitufe cha nafasi. Ya Apple jirani yake ni Command. Kwa hiyo vidole vinakwenda pale vilipozoea na kukuta kitu kingine. Mimi nilikuwa nanakili kwa Command na C, kidole gumba kikishika Command. Kwenye Windows nikibonyeza hivyo, maandishi hayanakiliki, kwa sababu huku kunakili ni Control (Ctrl) na C. Na mtafsiri ananakili na kubandika kutwa nzima! Ilinikata stimu siku za mwanzo, mpaka nikapata PowerToys, programu ya bure ya Microsoft wenyewe. Ndani yake kuna Keyboard Manager. Unaiambia: hiki kiwe kile, unahifadhi, imekwisha. Nikaifanya Command ya kushoto iwe Ctrl, na Control iwe kitufe cha Windows. Gumba langu likarudi kazini.

Kuna gharama yake, na uijue mapema. Kwenye Mac nilizoea kuhama kutoka programu moja hadi nyingine kwa Command na Tab. Baada ya mabadiliko yale, vitufe hivyo viwili vinahamisha vichupo (tabs) ndani ya kivinjari tu. Kuhama programu ni Option na Tab, kwa kuwa Option ndiyo Alt. Inachukua muda kuzoea, na huna njia ya mkato zaidi ya kuandika kila siku.

Kibodi ndogo ya Apple pia haina Print Screen. Bonyeza kitufe cha Windows (kwangu sasa ni Control), Shift na S kwa pamoja, utachagua sehemu ya skrini unayotaka kuipiga picha. Tena Delete yake inafuta kurudi nyuma, kama Backspace. Ya kufuta kwenda mbele haipo, na kitufe cha Fn Windows haikitambui bila programu endeshi za Apple. Nikaigeuza Command ya kulia kuwa Delete. Sikuwahi kuihitaji kwa kitu kingine.

Sehemu ninayojivunia zaidi ni ya Linux. Niliweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kando ya Windows kwenye diski moja, maana kazi nyingine nazifanya kule. Nikaunganisha kibodi, ikakubali. Nikarudi Windows, imegoma. Nikaifuta nikaiunganisha upya, ikakubali. Nikarudi Ubuntu, imegoma. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kuamini maneno ya mafundi. Sababu ni hii: vifaa viwili vya Bluetooth vinapoungana hutengeneza ufunguo wa siri, na kibodi inauhifadhi ufunguo huo pamoja na anwani ya Bluetooth ya kompyuta, yaani namba yake ya utambulisho. Windows na Ubuntu zilizo ndani ya mashine moja zina anwani ileile, kwa kuwa kifaa cha Bluetooth ni kimoja. Ni wapangaji wawili wa chumba kimoja: kila anayeingia anabadilisha kufuli, mwenzake anabaki nje.

Dawa yake ni kuwapa wote ufunguo mmoja. Unganisha kibodi kwanza kwenye Ubuntu, halafu Windows, kisha usiguse tena. Rudi Ubuntu, fungua diski ya Windows, ingia kwenye folda ya Windows/System32/config, na kwa programu ya Linux iitwayo chntpw fungua faili la SYSTEM, ambamo Windows huweka mipangilio yake. Ufunguo uko kwenye njia ya ControlSet001\Services\BTHPORT\Parameters\Keys. Utaona herufi na tarakimu 32. Zinakili, ondoa nafasi zilizo katikati, uzibandike kwenye faili la info la kibodi hiyo ndani ya /var/lib/bluetooth, sehemu iliyoandikwa LinkKey. Washa upya huduma ya Bluetooth. Ile siku kibodi ilipoitika pande zote mbili bila kuunganishwa upya, nilisimama nikapiga makofi peke yangu chumbani.

Jambo jingine la Linux ni safu ya juu ya vitufe, F1 na wenzake. Nilitaka kubadilisha jina la faili kwa F2, mwanga wa skrini ukapanda. Moduli, yaani kipande cha Linux, inayoshughulikia kibodi za Apple inaitwa hid_apple, nayo huweka mwanga na sauti mbele, F zote nyuma ya Fn. Tengeneza faili /etc/modprobe.d/hid_apple.conf, andika mstari huu mmoja:

options hid_apple fnmode=2 swap_ctrl_cmd=1

Kisha fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, andika sudo update-initramfs -u, na uwashe kompyuta upya. Namba 2 inarudisha F mbele. Hilo la pili linabadilishana Control na Command, lipo kwenye kerneli (kiini cha Linux) za miaka ya karibuni, na kwangu lilifanya Command ya Ubuntu inakili kama ile ya Windows. Vidole havitakiwi kujua uko mfumo gani.

Na kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna hili, ambalo sijaona fundi akilitaja. Kompyuta inapokuuliza mpangilio wa kibodi, usichague ule wa Marekani wa kimataifa. Kwenye mpangilio huo alama ya ritifaa haitokei papo hapo, inasubiri herufi inayofuata ili iivalishe alama. Unaandika ng'ombe, skrini inaandika ngómbe. Unaandika ng'ambo, inatoka ngámbo. Nimeona kazi za watu zimepelekwa kwa wateja zikiwa hivyo. Chagua ule wa Marekani wa kawaida, au wa Uingereza kama Return ya kibodi yako ni ndefu ya kwenda chini.

Wewe unayesoma hapa najua unataka nini, kwa sababu ndicho ninachotaka mimi: kuishi kwa kazi ya mikono yako bila kumpigia mtu magoti. Basi zijue zana zako. Usikubali neno "haiwezekani" kutoka kwa mtu ambaye hajajaribu. Muulize: umejaribu? Ilikataa wapi? Iliandika nini kwenye skrini? Akikosa jibu, chukua kitu chako uondoke. Vijana wengi wenye akili wanauza vifaa vizuri kwa bei ya karanga kwa sababu mtu mmoja nyuma ya kaunta alitikisa kichwa. Fungua mipangilio. Soma. Jaribu. Mipangilio ya kibodi haiui kompyuta, na ukiharibu unarudisha ilivyokuwa.

Mdogo wangu wa Mwanza, kwa upande wako anza hivi. Igeuze kibodi usome namba ya toleo. Ikiwa ni A1314, hiyo inatumia betri mbili za AA. Fungua kifuniko uone kama betri za zamani hazijavuja. Ikiwa ni A1644, ni kama yangu, tafuta waya wake wa kuchajia. Ikiwa ni ile ya mwaka 2021 yenye kitufe cha alama ya kidole, kitufe hicho hakitafanya kazi kwenye Windows, kinataka Mac zenye chipu ya Apple wenyewe, ila vingine vyote vitaandika kama kawaida. Na kabla ya yote mpigie kaka yako aifute kwenye orodha ya Bluetooth ya Mac yake, la sivyo siku akija na Mac yake kukutembelea kibodi inaweza kuikimbilia hiyo.

Ukija kuweka Linux ukakwama kwenye chntpw, nitumie picha ya skrini tutazame pamoja. Zile herufi 32 zifunike kwanza.