Pijo ya chini ya mkungu: niinunue au niiache?

SWALI

Assalaam aleikum, Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nakaa Mikindani. Kuna Peugeot 404 ya mwaka 1967 inauzwa Tudor, karibu na hori. Ilikuwa ya mzee mmoja ambaye amefariki, na mkewe anataka shilingi 150,000. Imekaa chini ya mti wa mkungu miaka sita bila kutembea. Viti vimechanika, lakini kwa macho bodi ni nzima, na upande wa chini imepakwa rangi mpya nyeusi. Fundi wa mtaani ameniambia nimpe 60,000 ataiwasha na kuitengeneza yote. Akiba yangu ni 230,000. Kaka yangu asema nitakuwa nimenunua chuma chakavu. Mwengine kaniambia petroli ya siku hizi itaua injini. Mimi 404 naitaka tangu niko mdogo. Naomba uniambie ukweli.
Mwalimu, Mikindani

JIBU

Wa aleikum salaam, mwalimu binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho limesimama pale pale: "upande wa chini imepakwa rangi mpya nyeusi." Gari limekaa miaka sita chini ya mti, viti vimechanika na hakuna aliyevishona, halafu akatokea mtu wa kulala chali mchangani kulipaka rangi tumbo? Sisemi mama yule ana nia mbaya. Pengine hata hajui ni nani aliyepaka wala lini. Lakini hapo ndipo pa kuanzia.

Mimi 404 yangu ya kwanza niliinunua mwaka 1989, kwa mtu ambaye sitamtaja. Tumboni ilikuwa nyeusi ti, imepakwa lami inang'aa, nami nikajiambia huyu ni mtu anayetunza gari. Wiki ya pili tairi likatoboka barabara ya Malindi, sijafika Mtwapa. Nikaweka jeki mahali pake, nikazungusha. Jeki ikapanda, gari halikupanda. Nikasikia mlio kama wa mtu anayetafuna kaukau. Nilipochungulia, kichwa cha jeki kilikuwa kimeingia ndani ya ubavu wa gari, na vipande vya lami vinaanguka vimeshikana na gazeti. Gazeti, binti yangu. Walijaza matundu kwa karatasi, wakapiga puti juu, ile dawa ya kuziba mashimo kabla ya rangi, kisha lami. Bati lenyewe lilikwisha zamani. Gari hilo nilihangaika nalo miaka miwili, nikalikatakata nikabaki na spea.

Nakueleza hivi kwa sababu 404 si kama lori au Land Rover, ambayo bodi imekalia chasi yake. Hapa bodi yenyewe ndiyo mgongo. Lile bomba la bati linalopita chini ya milango, sakafu, na pale mbele springi zinaposhika, vyote hivyo ndivyo vinavyobeba gari. Kikiliwa kimoja, hununui gari lenye kutu, wanunua kutu yenye viti. Na Mombasa haina huruma na bati. Miezi ya kusi upepo unaleta chumvi hadi ndani ya nyumba, tunaiona kwenye vyuma vya madirisha. Gari lililoegeshwa karibu na hori linailamba chumvi hiyo usiku kucha.

Tena umeniambia mkungu. Majani ya mkungu ni mapana, yakianguka yanaingia kwenye ule mfereji ulioko chini ya kioo cha mbele, yanaoza humo, yanakuwa kama mboji. Mvua ya masika ikinyesha maji hayatoki tena, yanakaa juu ya bati wiki nzima, kisha yanashuka ndani kwenye sakafu, upande wa miguu ya dereva. Fungua boneti, tia mkono mle kwenye mfereji, zoa majani yote, halafu bonyeza bati kwa kidole gumba. Likibonyea, nenda uinue zulia la dereva. Huko ndiko utakapopata jibu la barua yako, zaidi ya kwangu mimi.

Nenda Jumamosi asubuhi, jua likiwa halijawa kali. Chukua tochi, jeki, leso kuukuu ya kulalia, na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi. Muombe mama ruhusa kwanza, mwambie unachotaka kufanya. Pitisha sumaku taratibu sehemu ya chini ya milango na juu ya magurudumu. Palipo na bati itang'ang'ania, palipo na puti itaanguka mkononi. Chini kwenye ile rangi nyeusi gonga kwa mpini wa bisibisi na usikilize. Bati zima hulia kama sufuria; bovu linatoa mlio mfu, kama wa kugonga boksi. Mwisho inua ubavu mmoja kwa jeki, polepole, usiingize mwili chini hata kidogo, kisha fungua na ufunge mlango wa upande huo. Mlango ukikwama, au nafasi yake ikibana upande mmoja na kupanuka upande mwingine, mgongo umevunjika. Hapo usiulize injini ikoje. Mshukuru mama wa watu, uende zako.

Bati likiwa zima, basi tuzungumze injini, na hapa nina habari njema. Ni ya cc 1618, imelazwa kwa upande nyuzi 45, na silinda zake ni slivu, yaani mirija ya chuma inayochomolewa na kuwekwa mingine. Fundi anayejua kazi huirudisha bila kupeleka bloku kuchongwa. Ni injini yenye subira sana, nimeziona zimekaa zaidi ya miaka yako sita zikaamka. Lakini usikubali mtu yeyote aje na betri ya kuazima aiwashe mbele yako ili akuvutie. Kutu ndani ya silinda itakwaruza pistoni kwa dakika moja, na petroli ya miaka sita imeshakuwa kama vanishi. Plagi zitolewe, kila tundu litiwe oili kidogo, ilale usiku mzima, izungushwe kwa mkono. Tangi lishushwe lioshwe. Kisha kabureta. Ndipo betri.

Kabla ya yote hayo, fundi alegeze ile nati ya kumwagia oili chini ya injini, taratibu, huku ukitazama. Kama kinachotangulia kutoka ni maji, basi slivu zinavuja chini. Maji huzama chini ya oili, kwa hivyo hutoka kwanza.

Na kinachozifanya zivuje hapa kwetu ni maji ya kisima. Watu wanajaza radieta kwa maji yale yale yasiyotoa povu la sabuni, ya chumvi, mwaka baada ya mwaka. Silinda hedi ya 404, yaani kile kifuniko kinachokaa juu ya silinda, ni ya aluminiamu. Chumvi inaila kama mchwa, na mipira iliyo chini ya slivu inakufa pamoja nayo. Fungua kifuniko cha radieta, injini ikiwa baridi, utie kidole. Ukikuta tope la rangi ya matofali, ongeza fungua-funga ya hedi kwenye hesabu yako. Likiwa lako, tia maji ya mvua uliyoyakinga mwenyewe au maji safi yasiyo na chumvi, pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Hili nalisema kila mwezi humu, na kila mwezi naletewa hedi iliyotoboka.

La petroli lisikutishe. Ni kweli tangu 2006 petroli yetu haina madini ya risasi, na kuna injini za kale zilizoumia kwa sababu viti vya valvu, yaani pale valvu zinapokalia zikifunga, vilichongwa kwenye chuma chenyewe cha hedi. Hedi ya aluminiamu haiwezi hivyo, lazima iwekewe viti vya chuma kigumu. Endesha bila wasiwasi.

Kitu ambacho mafundi vijana wanakiharibu ni difu, ile gia ya nyuma inayozungusha magurudumu. 404 ina skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba, si meno mawili ya chuma kama magari mengine. Peugeot waliandika itiwe oili ya asili ya mbarika, mbarika ile ile waliyotunywesha mama zetu tulipokuwa wadogo. Fundi akiitia oili ya gia ya kisasa ya GL-5, dawa ya salfa iliyomo inaanza kuila ile shaba, na baada ya muda utasikia gari linalia kama mbu. Muulize fundi wako wa 60,000 ataitia oili gani. Asipojua, si fundi wako.

Muuzaji yeyote wa 404 atakutajia Safari, yale mashindano ya magari ya Safari Rally. Ni kweli, 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, na 1963 na 1968 magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu, la kwanza likiwa 404 ya madereva Nowicki na Cliff. Moyo wangu unafurahi kila nikiandika miaka hiyo. Lakini sifa ile haiongezi bei ya gari lililooza. Inachokusaidia hasa ni kwamba pick-up za 404 ziliendelea kuunganishwa Kenya hadi 1991, kwa hivyo spea za injini bado zinapatikana ukiwauliza wazee wenye gereji. Vioo, taa na mapambo ya saluni ndiyo adimu. Kama taa za nyuma ni nzima, zilinde.

Sasa pesa. Ukilipa 150,000 unabaki na 80,000, na fundi anataka 60,000 kwa "yote", gari ambalo hajalifungua. Hapana. Kwanza breki: mipira na paipu zake zote zimekufa kwa kukaa, hata kama pedali inashika. Kisha tairi nne, maana mpira wa miaka mingi hupasuka hata ukiwa na meno. Kisha tangi, radieta, betri. Viti baadaye. Rangi mwisho kabisa, hata ikiwa ni mwaka wa tatu. Usikope sacco kwa ajili ya gari hili.

Kuna njia ya haki kwenu nyote wawili. Logibuku ni ya marehemu, kwa hivyo mama hawezi kukuhamishia jina kule NTSA, wanakosajili magari, mpaka mirathi ipite, kwa Kadhi kama ni Waislamu, au mahakama ya kawaida. Watoto nao wakubali. Usimlalie mjane kwa bei. Kama bati ni zima 150,000 si dhulma. Mpe sehemu sasa kwa maandishi mbele ya wakili, nyingine umpe hati zikitoka, na gari libaki kwake hadi siku hiyo. Omba matawi ya juu yake yakatwe na gari lifunikwe. Wewe huku unaongeza akiba ya breki.

Kaka yako ana haki kwa jambo moja. Kama hili ndilo gari la kukufikisha shuleni kabla ya kengele, usinunue. Endelea na matatu mwaka mzima au miwili, na 404 iwe ya Jumapili. Na kama Mikindani huna paa la kuliweka, tafuta paa kwanza, hata la makuti.

Nionavyo mimi, bati likiwa zima, nunua. Likiwa bovu, hata ukipewa bure usilichukue.

Ukishakagua, niandikie umekuta nini kwenye ule mfereji. Lile langu la 1989 nililolikatakata, vioo vyake viwili vya taa za nyuma ninavyo bado, vimefungwa kwenye gazeti, juu ya kabati la gereji. Kama vya lako vimepasuka, ni vyako.