"Kila mtu" au "kila raia"?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, Wete. Katika insha ya somo la uraia niliandika: "Kila raia ana haki ya kuishi kwa mujibu wa sheria ya asili." Mwalimu kapiga mstari chini ya "raia" na "asili", na hakueleza kitu. Kosa langu liko wapi?

JIBU: Mwalimu wako kaona, mwanangu, ila angekwambia.

Tuanze na "asili", maana hilo jepesi. Kwetu ngoma ya asili ni ya wazee, dawa ya asili ni mizizi na majani. Ukiandika "sheria ya asili", babu yako atadhani wasema mila. Wanafalsafa Cicero wa Roma na John Locke wa Uingereza walikusudia jambo jengine: sheria isiyotungwa na mfalme wala kurithiwa na ukoo, ambayo mtu huitambua kwa akili yake popote alipo. Mimi hupendelea "sheria ya maumbile", kwa kuwa ndani yake mna "kuumba". Wako wasemao inanuka baiolojia. Wana lao.

"Raia" ndilo lenye mambo. Limetoka kwenye Kiarabu, na huko ni kundi linalochungwa. Khutba ya Ijumaa umeshaisikia hadithi ya Mtume, "kila mmoja wenu ni mchungaji". Kinachochungwa humo ni raia huyo huyo. Zama za masultani, basi, raia alikuwa mtu wa chini ya mtawala. Leo maana imepinduka, raia ndiye mwenye kura. Lakini limebaki jambo moja: huwi raia hivi hivi, lazima uwe raia *wa* nchi fulani, nayo ikutambue. Mtu hangojei kutambuliwa ndipo awe mtu. Wafaransa mwaka 1789 waliliona hilo, tamko lao likataja haki za binadamu *na* za raia, wawili mbalimbali.

Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977, kwenye sehemu ya haki iliyoongezwa 1984. Haki ya kuishi, ibara ya 14, ni ya "kila mtu". Kushiriki katika utawala wa nchi, ibara ya 21, ni kwa "kila raia". Mgeni aliyeshuka bandarini Malindi, Unguja, leo asubuhi hana kura hapa, lakini roho yake anayo.

Na ibara ya 12 yasema: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Hebu iangalie hiyo "hu-". Haikuandikwa "wamepewa uhuru", tukauliza kapewa na nani, lini. "Hu-" haina jana wala kesho. Ndiyo tusemayo "jua huchomoza mashariki". Wanaoitafuta sheria ya maumbile katika katiba yetu mimi huwaonesha herufi mbili hizo.

Insha yako basi iandike: "Kila mtu ana haki ya kuishi kwa mujibu wa sheria ya maumbile." Ukifika kwenye kura, mrudishe raia wako.