Maswali ya wasomaji: Kidaka kikilaliwa na ndege, mtahini anataka nini?

Barua za toleo hili zimetoka Lamu na Malindi, nyingi kwa watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, wanaojiandaa kwa karatasi ya fasihi, na moja kwa mzazi. Tumezifupisha, na pale mwandishi aliposahau kunukuu mistari anayoiuliza, tumeinukuu sisi.

Mwalimu alitupa beti za Al-Inkishafi akauliza taashira, yaani vitu vinavyosimamia maana nyingine. Niliandika kwamba popo ni ishara ya uchawi na ukimya ni ishara ya hofu. Nimepata sufuri kati ya alama nne. Kosa liko wapi?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Langoni, Lamu*

Kosa ni kwamba popo huyo umemleta na kazi aliyopewa kwenye ngano nyingine. Tuusome ubeti wenyewe:

*Nyumba zao mbake ziwele tame,*
*makinda ya popo iyu wengeme,*
*husikii hisi wala ukeme,*
*zitanda matandu walitandiye.*

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alilitunga shairi hili mwanzoni mwa karne ya 19, na wanaosemwa hapa ni mabwana wa Pate, mji uliokuwa na enzi na mali kabla haujaporomoka. Kwa nathari ni hivi: nyumba zao zilizokuwa ziking'aa zimekuwa mahame, makinda ya popo yananing'inia juu, hausikiki mnong'ono wala ukelele, na vitandani umetanda utando wa buibui. Uchawi uko wapi hapo? Walioingia ni wapangaji wapya tu, na hawalipi kodi.

Namna ya kuishika taashira ni kuanza na kitu chenyewe kabla ya maana. Jiulize kitu hiki kwa kawaida kina kazi gani. Kisha uliza kimefanywa nini ndani ya shairi. Tofauti iliyopo kati ya majibu hayo mawili ndiyo maana unayoitafuta. Chukua mistari mingine miwili ya shairi hilohilo:

*Madaka ya nyumba ya zisahani,*
*sasa walaliye wana wa nyuni.*

Wewe wa Langoni huhitaji kuelezwa kidaka. Umeona zile safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye lipu ya ukuta katika nyumba za kale, vimepangwa juu mpaka chini, vyombo vya kaure vikiwekwa humo. Kidaka si kabati la kufichia. Kazi yake ni kuonyesha, ili aingiaye ajue amefika kwa nani. Sasa mwenye nyumba hayuko, mgeni hayuko, na pale pa sahani wamelala makinda ya ndege. Basi jibu liandikwe hivi:

"Madaka ya visahani ni taashira ya fahari ya matajiri. Kulaliwa na makinda ya ndege kunaonyesha kwamba fahari hiyo haikudumu, na kwamba mali haikuwakinga wenyewe na mauti. Hali hii inajenga maudhui ya kwamba dunia ni ya kupita."

Sentensi tatu tu: kitu na maana yake, ushahidi, maudhui. Wengi huishia kwenye ile ya kwanza, halafu hushangaa kupewa nusu. Wengine huandika kwamba nyumba hizo zinaashiria umaskini. Hapana. Nyumba ya maskini ina watu ndani yake. Hii haina mtu, na utupu huo ndio anaouonyesha mtunzi.

Jambo moja la pembeni. Tazama mshororo wa nne: *zitanda, matandu, walitandiye*. Sauti ileile imerudi mara tatu, kana kwamba utando umeenea mpaka kwenye maneno. Ni uzuri mkubwa, lakini hiyo ni takriri ya sauti. Iweke kwenye jibu la mbinu za lugha, usiipachike kwenye taashira.

Kuna orodha ya ishara tunayoweza kukariri? Rafiki yangu anayo: nyeupe ni usafi, nyeusi ni msiba, bahari ni safari, jiwe ni uimara.
*Mtahiniwa, Shela*

Mrudishie orodha yake. Al-Inkishafi ina ubeti unaoanza *Suu ulimwengu bahari tesi, una matumbawe*, yaani dunia hii ni bahari iliyochafuka, tena ina matumbawe. Sasa matumbawe ni nini? Kwa mtu wa Lamu ni jiwe la kujengea. Kuta za nyumba za mji zimesimama kwa mawe hayo. Kwa orodha ya rafiki yako, jibu lingekuwa uimara. Lakini ndani ya ubeti kuna bahari, na kuna anayeipanda bahari hiyo, na mwisho wake ni hasara. Kwa nahodha, tumbawe ndilo linalotoboa chombo. Jiwe ni lilelile, ila shairi limelikuta majini.

Hapa kuna mtego mwingine unaokula alama za watu. Mtunzi amesema waziwazi kwamba ulimwengu *ni* bahari. Pande zote mbili zimetajwa, kwa hiyo hiyo ni sitiari. Na kwa kuwa picha imeendelezwa kwa matumbawe na msafiri, unaweza kuiita jazanda. Mbele kidogo dunia inafananishwa na kisima ambacho ng'ombe mwenye pembe humpiga kila anayekisogelea, asipate kunywa maji yake. Kuna neno *kama* pale, basi ni tashbihi. Madaka na popo hawakulinganishwa na chochote. Wamewekwa tu, nawe ukaachiwa kazi ya kuona. Hiyo ndiyo taashira. Swali likisema "taashira" ukajibu kwa tashbihi, maelezo yako yanaweza kuwa mazuri sana na bado yasipate kitu.

Maudhui, dhamira na ujumbe: mwalimu mmoja anasema ni kitu kimoja, mwingine anasema ni vitatu.
*Mwanafunzi, Mkomani*

Andika kana kwamba ni vitatu, utakuwa salama kwa walimu wote wawili. Maudhui ni mambo yanayozungumzwa: mauti, kiburi cha mali, toba. Dhamira ni shabaha ya mtunzi: kuuzindua moyo wake usighurike na dunia. Ujumbe ni funzo linalomfikia msomaji, nalo huandikwa kwa sentensi kamili. "Kifo" peke yake si ujumbe.

Binti yangu anasoma Utendi wa Mwana Kupona. Bibi yake anaujua kwa moyo na kuusifu. Binti mwenyewe anasema ni utumwa wa mwanamke. Kwenye mtihani aandike lipi?
*Mzazi, Siyu*

Bi mkubwa, mtihani haumtaki mtoto aamue kati yake na bibi yake. Unamtaka aonyeshe utendi unasema nini na unasemaje.

Aanze na hali ya usemi, maana hapo ndipo watahiniwa wa siku hizi wanapoteleza. Nafsineni, yaani anayesema, ni mama mgonjwa, Mwana Kupona mwenyewe. Nafsinenewa, yaani anayeambiwa, ni bintiye, Mwana Hashima. Mwaka ni 1858, na kinachotolewa ni wasia. Maneno ya mgonjwa anayemwacha mtoto hayasomwi kama hotuba ya jukwaani. Akishaliweka hilo wazi, aende kwenye vitu viwili ambavyo mama anampa binti: hirizi ya kufunga kwa uzi, na kidani cha lulu na marijani. Vyote ni wasia wenyewe. Hirizi hulinda, kwa hiyo wasia utasimama mahali pa mama atakapokuwa hayupo. Kidani hupamba, kwa hiyo adabu inahesabiwa kuwa pambo. Na vyote viwili huvaliwa mwilini, havitiwi sandukuni: mawaidha haya ni ya kutendwa kila siku. Mtoto akiliona hilo la mwisho mwenyewe, mtahini atajua amesoma kweli.

Swali likiwa "Jadili nafasi ya mwanamke" kwa alama kumi, atafute hoja tano zenye ushahidi, na zisivute upande mmoja. Mwanamke anatakiwa kumtii mume, ambaye radhi yake ni ya tano baada ya radhi za Mungu, Mtume, baba na mama. Hapo hoja ya binti yako ina mashiko, aiandike bila woga. Lakini mwanamke huyohuyo ni mlezi, ni mcha Mungu, ni msimamizi wa nyumba, na zaidi ya yote ni mtunzi: anayetoa sheria za utendi mzima ni mwanamke. Neno "jadili" linaomba pande zote mbili. Asichoruhusiwa ni kujaza ukurasa kwa maoni yake juu ya ndoa za leo. Hayo hayamo kwenye matini na hayana alama.

Katika kisa cha Fumo Liyongo nilijibu kwamba kitovu kinaashiria udhaifu wa shujaa. Nimepata alama moja kati ya mbili. Nilitaka ya pili.
*Mwanafunzi, Malindi*

Jibu lako ni sahihi, ila limeishia njiani. Udhaifu upo, lakini kwa nini kitovu, si kisigino wala jicho? Kitovu ni alama ya kuzaliwa, mahali mtu alipounganishwa na mama yake. Na aliyemdunga Liyongo kwa shaba hapo kitovuni ni mwanawe wa kumzaa, aliyehadaiwa na maadui, baada ya baba mwenyewe kumwambia siri. Kwa hiyo kitovu kinabeba udhaifu pamoja na usaliti wa damu. Hiyo ndiyo alama yako ya pili.

Ukitaka taashira rahisi zaidi kutetea kwenye kisa hicho, chukua mkate. Walinzi wa gereza walikuwa wakila chakula kizuri alicholetewa Liyongo. Mama akaoka mkate wa wishwa, ndani yake akatia tupa. Walinzi wakaudharau, ukamfikia mfungwa, naye akakata minyororo huku ngoma ya gungu ikifunika sauti ya chuma. Kitu duni kwa nje, ukombozi ndani. Na tamaa ya walinzi ndiyo iliyowapofusha, jambo ambalo watahiniwa wengi hulisahau. Utendi wa kisa hiki ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu ni wa 1913, lakini masimulizi yenyewe ni ya kale zaidi, kwa hiyo kwenye sehemu ya fasihi simulizi kiite mighani, yaani hadithi ya shujaa wa kale, usikiite riwaya.

Muda haunitoshi. Swali la ushairi hunila saa nzima.
*Mtahiniwa, Malindi*

Karatasi ya 102/3, ile ya fasihi, ni saa mbili na nusu, maswali manne ya alama 20, na la kwanza ni la lazima. Dakika 10 soma na uchague. Kila swali lipe dakika 33, zitabaki 8 za kupitia. Ikifika dakika ya 33, ruka mistari kadhaa uende mbele hata kama hujamaliza. Alama za mwanzo za swali jipya hupatikana upesi kuliko za mwisho za swali la zamani.

Kwenye shairi, anza na vinavyohesabika. Ubeti wa popo hapo juu una mizani 11 kila mshororo, 6 kwa 5, na vina *me, me, me, ye*. Hiyo ni kazi ya dakika mbili. Uhuru wa mshairi nao ni wa haraka kwa mtoto wa pwani: *iyu* badala ya juu, *zitanda* badala ya vitanda, *nyuni* badala ya ndege. Taja kwamba ni matumizi ya lahaja na utoe mfano, kisha wewe mwenyewe uendelee kuandika kwa Kiswahili sanifu. Watoto wa Lamu husahau hilo, wakajibu kwa Kiamu kitamu kabisa na kukatwa alama. Nathari iandikwe kwa aya moja, kwa mfuatano uleule wa mawazo ya ubeti, bila kuongeza ufafanuzi wako. Taashira iache mwisho, ukiwa umeshausoma ubeti mara tatu kwa sababu ya hayo mengine.