Fundi Anajibu: Viputo Vinavyorudi Palepale

SWALI: Fundi, salamu kutoka Usenge. Mimi huchonga vyambo vya mbao vya kuvulia mbuta (sangara), natumia mjakaranda. Nikishapaka rangi, navivisha epoksi, ile gundi ya kung'arisha ya kuchanganya resini na hadena (kigumishi). Kazi hiyo naifanya saa nne asubuhi, nje chini ya mabati, ili jua linisaidie kukausha. Ikifika saa sita chambo kimejaa viputo, hasa kichwani na tumboni pale nilipotoboa tundu la risasi, ile ya kutia uzito. Nilidhani gundi ni mbovu, nikanunua nyingine, mambo yakawa yale yale. Nikajaribu kuvipasua kwa kiberiti cha gesi, rangi ikaungua. Nina vyambo sita vilivyoharibika na mteja anasubiri. Nifanyeje?
*Msomaji, Usenge, Siaya*

JIBU: Ndugu yangu, gundi yako haina kosa. Kosa ni hilo jua la saa nne unalolitegemea.

Mjakaranda ni mwepesi kwa sababu ndani yake mna hewa nyingi. Hewa ikipata joto hutanuka, na ikitanuka hutafuta pa kutokea. Unapaka kabla mabati hayajashika moto, kisha jua linapanda, chambo kinapata joto, na ile hewa inasukuma kupitia gundi ambayo bado ni laini. Kichwani ulikata mbao kwa kuvuka nyuzi zake, na tumboni ukaitoboa. Hapo mbao iko wazi, na hapo ndipo inapopumulia.

Nakuelewa, maana karakana yangu iko karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, na paa lake ni mabati matupu. Mwaka wangu wa kwanza niliharibu vyambo 12 vya mteja mmoja, nikabadilisha gundi mara mbili kama wewe. Siku moja nilichelewa mjini, nikapaka saa kumi na moja jioni kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kazi. Asubuhi nikavikuta vinang'aa kama jicho la samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Sikuamini. Nikachonga vinane kutoka ubao mmoja: vinne nikavipaka asubuhi, vinne jioni, gundi ya chupa zile zile. Vya asubuhi vyote vilitoa viputo. Vya jioni, kimoja tu kilikuwa na kiputo, tena karibu na jicho la waya, pale pa kufungia kamba, ambalo sikuwa nimeliziba.

Kwa hiyo fanya hivi. Alasiri viache vyambo juani vipate joto hadi ndani. Jua likianza kulegea viingize ndani, kisha vipake vikiwa vinapoa. Hewa inayopoa hujikunja, na badala ya kusukuma gundi nje inaivuta iingie mbaoni. Hata hivyo, usiweke koti nene la gundi mara moja. La kwanza liwe jembamba sana, kazi yake ni kuziba mbao tu, na lipitishe kabla ya rangi. Tundu la risasi na kichwa vipe tone la ziada. Likishakauka, msasa kidogo, rangi, halafu ndipo koti la kung'arisha.

Kuna viputo vingine vinavyotokana na mkono wako mwenyewe. Utavijua hivi: vya kukoroga ni vidogo, vimetapakaa kila mahali, na ukivipasua havirudi. Cha mbaoni ukikipasua, baada ya dakika chache kimerudi palepale. Hivyo vya kukoroga dawa yake ni subira. Pima resini na hadena kwa mabomba mawili ya sindano, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, wala usikadirie kwa macho. Ikiwa resini ni nzito, tia chupa kwenye maji ya uvuguvugu kwanza. Koroga polepole dakika mbili au tatu, ukikwangua kando na chini, usipige kama unayepiga mayai. Kisha mimina kwenye karatasi ya foili, itandae. Ikiwa tambarare viputo hupanda haraka na gundi haichemki upesi. Thina usiongeze; hubaki ndani na koti likawa laini.

Kiberiti chako si kibaya, ila ulikikawiza. Moto kazi yake ni kulegeza uso wa gundi ili kiputo kipasuke chenyewe. Upitishe mbio, kiasi cha sentimita 15 kutoka kwenye chambo, kama mtu anayefagia, kisha ondoa. Ukisimama mahali pamoja gundi inachemka na kuzaa viputo vipya, na mbao nayo inapata joto, kwa hiyo umerudi kulekule. Thina na spiriti viwe mbali. Baada ya hapo geuza chambo mara kwa mara hadi gundi ishike, isije ikachuruzika.

Vile sita usivitupe. Viache siku mbili vikauke kabisa. Kama uso unanata au una utelezi, jambo la kawaida kwenye unyevu wetu wa ziwani, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikauke tena. Fungua kila kiputo kwa ncha ya kisu, jaza tone la epoksi kwa kijiti cha meno, na kesho yake piga msasa namba 320 wa maji hadi mng'ao wote ufe. Vaa barakoa na glavu, vumbi hilo si la kuvuta. Palipoungua gusia rangi, iache ikauke vizuri, kisha vipe koti moja jembamba jioni. Mwombe mteja wako siku nne.